Kazi ya Mwalimu Isiyohesabiwa: Elimu na Afya ya Mtoto Lushoto

Tunamsifu mwalimu kwa moyo wa kujitolea, kisha tunamwachia vipindi vilevile na darasa lilelile. Makala haya yanadai kwamba kulinda afya ya mtoto ni sehemu ya kufundisha, hivyo kazi hiyo ihesabiwe katika ratiba, mafunzo na maslahi ya mwalimu, isibaki kuwa hisani yake.

Mkoa wa Tanga, ilimo Lushoto, una ushahidi wake. Miaka ya 1990, Ushirikiano wa Kumwendeleza Mtoto Tanzania (UKUMTA) uliwakabidhi walimu wa shule za msingi mkoani humo kazi ya kuwapa wanafunzi dawa za minyoo na kichocho. Dawa ya minyoo ni nyepesi: kidonge kimoja kwa kila mtoto. Ya kichocho, prazikwanteli, hufuata uzito, na shule nyingi hazina mizani. Siku hizi hutumika ufito wenye alama. Mtoto huvua viatu, akasimama wima, mwalimu akatazama utosi umefika wapi: sentimita 94 hadi 110, kidonge kimoja, kutoka hapo hadi 125, kimoja na nusu. Kabla ya kumeza lazima awe amekula, maana dawa hiyo husumbua tumbo tupu. Basi mwalimu ahakikishe uji umeiva, akate vidonge, aandike majina, akae na aliyetapika. Asubuhi imekwisha, na hisabati haijafundishwa.

Wapo wanaosema hiyo ni kazi ya zahanati. Hoja yao ina uzito, kwani mwalimu tayari amelemewa. Lakini zahanati humwona mtoto akipelekwa; mwalimu humwona kila siku. Minyoo ya safura hunyonya damu, na mtoto aliyepungukiwa damu husinzia darasani. Asiyelijua hilo atamwita mvivu, pengine amchape. Kumtambua mtoto huyo ni ualimu hasa.

Irente, nje kidogo ya mji wa Lushoto, hakuna hata nafasi ya kubishana. Shule ya Wasioona iliyoanzishwa na Kanisa la Kilutheri mwaka 1963 hupokea pia wenye uoni hafifu, wakiwamo watoto wenye ualbino. Kwa mtoto huyo, kofia pana, mikono mirefu na dawati lililo karibu na ubao lakini mbali na mwanga mkali wa dirisha ni masharti ya kusoma kama kitabu chenyewe. Mwalimu anayepanga madawati hapo anatibu na kufundisha kwa mkono mmoja.

Wilaya ya Lushoto imewahi kuwapata watu waliotoa umri wao kwa watoto. Padre Damian Milliken, Mbenediktini kutoka Marekani, alianzisha sekondari ya wasichana ya Mazinde Juu mwaka 1989, na namheshimu kwa dhati. Ila nyuma yake lilikuwapo shirika la kitawa. Mwalimu wa shule ya kijiji huko milimani, mwenye moyo uleule, nyuma yake hana mtu.

Wathibiti ubora wa shule wanapofika huuliza andalio la somo na matokeo ya mtihani. Waulize pia daftari la afya: nani amepimwa macho, nani amepewa dawa, na mwalimu aliyelijaza alipunguziwa vipindi vingapi.