Asiransi ya motokari Lualaba: kwa nini malipo yanakuwa machache, na nini ya kufanya

Katika Manika na Dilala, mikomini miwili ya mji wa Kolwezi, wengi wanalipa asiransi (bima) ya motokari juu sheria inaomba, na juu hawapendi kusumbuliwa na polisi wa barabara. Karatasi inawekwa ndani ya motokari, basi imeisha. Siku ajali inafika ndipo mtu anaisoma mara ya kwanza. Na hapo hasira inaanza: dosie inalala miezi, ao kampuni inatoa feza ambazo hazitoshi hata kulipa garaji.

Hasira hiyo mara nyingine ni ya haki, mara nyingine inatoka katika kutojua kitu tulichonunua. Tunaeleza hapa namna asiransi inavyotumika katika inchi yetu, fasi malipo yanakwama, na njia za kudai.

Tulitoka wapi

Kampuni ya serikali, SONAS, iliundwa mwaka 1966. Kwa karibu miaka 50 ilikuwa peke yake katika kazi hii. Mteja ambaye hakuridhika hakuwa na mlango mwingine wa kupiga hodi. Njo maana hata leo wazee wengi wanaona asiransi kama kodi tu.

Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 mwezi wa tatu 2015, yaani kodi ya asiransi, ilifungua soko. Iliweka pia mamlaka ya kusimamia kampuni hizo, ARCA, yenye makao Kinshasa. Tangu mwaka 2019 kampuni za watu binafsi zilianza kupata ruhusa ya kufanya kazi pamoja na SONAS. Kwa hiyo leo mteja anaweza kuchagua. Lakini uchaguzi huo unafanyika mbele ya kutia sahihi. Kisha ajali, ni mkataba tu njo unasema.

Asiransi yako inalipa nani?

Hili ni neno la kwanza la kujua, na ndilo linaleta ugomvi mwingi. Asiransi ambayo sheria inalazimisha kwa kila motokari inaitwa «responsabilité civile». Inalipa hasara uliyoletea mwingine: mtu uliyemgonga, ukuta wake, motokari yake. Motokari yako mwenyewe haiingii.

Tuseme unatoka Kolwezi kwenda Likasi, mvua inanyesha, unateleza na kugonga mti. Kama uko na «responsabilité civile» peke yake, kampuni haina deni kwako, hata kama ulilipa miaka kumi bila kuomba kitu. Ili motokari yako itengenezwe, sherti mkataba uwe na garanti nyingine: ya hasara ya motokari yenyewe, ya moto, ya wizi, ao ile ya yote wanayoita «tous risques». Kila garanti iko na bei yake. Ile karatasi ya bei ndogo uliyonunua ili upite kwenye kizuizi cha polisi haiwezi kukununulia milango mipya.

Kwa nini feza zinapungua

Hata mwenye garanti kubwa anaweza kushangaa. Kuna vitu vitatu vinavyopunguza malipo, na vyote vinaandikwa katika mkataba.

Cha kwanza ni uzee wa vipande, «vétusté». Kama bampa yako ilikuwa na miaka minane, kampuni inaweza kukataa kulipa bei ya bampa mpya. Cha pili ni «franchise», sehemu ya hasara ambayo mteja anabeba mwenyewe. Cha tatu ni bei uliyotangaza. Kama ulisema motokari inafaa dola 5,000 ili ulipe kidogo, na kumbe inafaa dola 10,000, kampuni inaweza kulipa nusu ya hasara.

Tufanye hesabu ya mfano. Garaji inaomba dola 1,200 za vipande na dola 400 za kazi: jumla 1,600. Uzee wa vipande ukihesabiwa asilimia 30, zinatoka dola 360, zinabaki 1,240. «Franchise» ikiwa dola 200, mteja anapata 1,040. Dola 560 zinabaki juu yake. Mtu ambaye hakuelezwa jambo hili siku ya kulipa atasema ameibiwa. Kwa hiyo uliza mapema: uzee unahesabiwa namna gani, «franchise» ni ngapi, na kama malipo ni kwa franka, ni kwa kiwango cha siku gani.

Siku ya ajali

Dosie nyingi zinaharibika katika siku za kwanza. Fuata mambo haya:

1. Kwanza watu. Wenye kuumia wapelekwe hospitali, na uweke karatasi zote za matunzo.

2. Ita polisi wa barabara (PCR), wale tunaita «roulage», waje kuandika ajali. Bila PV yao, kampuni inapata sababu ya kungojesha. Kupatana kwa mdomo pale barabarani, kisha kila mtu anaenda zake, kunafunga mlango wa asiransi.

3. Piga picha: namba za motokari zote, fasi zilipogongana, alama za matairi, barabara yenyewe. Andika majina na namba za simu za walioona.

4. Julisha kampuni kwa barua katika siku zilizoandikwa kwenye mkataba. Ni siku chache, si majuma. Baki na kopi yenye muhuri wa mapokezi na tarehe. Kusimulia ajali kwa ajenti kwa njia ya simu hakutoshi.

5. Usitengeneze motokari mbele eksperti wa kampuni hajaiona. Ukishabadilisha kila kitu, atakadiria nini?

6. Toa karatasi zote kwa mara moja: mkataba, resi ya malipo, permi ya dereva, karte roze, PV, devi ya garaji. Karte roze inaleta shida mingi hapa kwetu: motokari inauzwa mara mbili, mara tatu, na jina linabaki la mwenyeji wa zamani. Kampuni itauliza, na ni haki yake, inalipa nani.

Karatasi ya mwisho

Kisha eksperti kupita, kampuni inaleta kiasi cha feza na karatasi ya kutia sahihi, «quittance». Soma pole pole. Ikiandikwa «pour solde de tout compte», maana yake ni kwamba umekubali hesabu yote imeisha. Ukitia sahihi kwa sababu ya njaa ya leo, kesho ni vigumu sana kurudi kudai. Usitie sahihi pale pale. Omba kopi ya ripoti ya eksperti, rudi nyumbani, linganisha na devi yako.

Kama hamkusikilizana

Mteja ambaye hakubali kiasi hicho anaweza kuomba eksperti wa pili. Mara nyingi gharama inakuwa juu yake, kwa hiyo pima kama tofauti ya feza inafaa kazi hiyo.

Hatua inayofuata ni barua kwa uongozi wa kampuni: namba ya mkataba, tarehe ya ajali, tarehe ulitoa karatasi, kiasi unachodai, na siku unazowapa kujibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko ARCA pamoja na kopi zote. Mwisho ni tribinali. Asiye na feza za avoka anaweza kuuliza ofisi ya mashauri ya bure ya baro (kundi la maavoka). Mkataba, barua zenye muhuri na PV ndizo zitasema kwa ajili yako.

Na mwenye kugongwa?

Barabara ya Kolwezi, Fungurume na Likasi inabeba kamio za kobalti, shaba na asidi usiku na mchana, pamoja na basi na taksi-moto. Tarehe 20 mwezi wa pili 2019, kamio ya asidi iliyokuwa ikienda kwenye mgodi wa Mutanda ilipata ajali kwenye kijiji cha Kabwe, na watu karibu 20 walikufa. Miaka kisha, mashirika ya haki za binadamu yalikuwa yangali yanadai kwamba wahanga hawakulipwa inavyofaa.

Mwenye kugongwa, ao jamaa ya aliyekufa, hana mkataba wowote na kampuni ile. Hata hivyo «responsabilité civile» iliwekwa kwa ajili yake. Sherti apate namba ya motokari, jina la kampuni ya asiransi na PV, na apeleke dai lake kwa kampuni hiyo ya asiransi. Feza za mazishi ambazo mwenye kamio anatoa kwa huruma si malipo ya haki. Jamaa isikubali kutia sahihi karatasi ya kufunga dosie kwa sababu ya sanduku na magunia ya unga.

Kwa wanaovuka Kasumbalesa kwenda Zambia, kadi ya njano ya COMESA inafuata kanuni ileile: inalinda wale utakaowaumiza ngʼambo ya mpaka, haitengenezi kamio yako.

Mbele ya kulipa tena mwaka huu, uliza ajenti jambo moja, na umwombe akuonyeshe jibu limeandikwa fasi gani: nikigonga ukuta wangu mwenyewe kesho, mtanilipa ngapi?