ZZ: Mmea wa Pwani Uliogeuzwa Mgeni Kwao

Katika kumbi za benki na hoteli za Nairobi na Dar es Salaam kuna mmea wa chungu ambao karibu kila mtu ameuona: mashina manene yaliyosimama wima, vijani vya kijani kilichokolea, vinavyong'aa kana kwamba vimepakwa mafuta. Wauza miche wanauita ZZ, na wanunuzi wengi huudhani ni wa ng'ambo. Sivyo. Kwao ni huku huku: pwani ya Kenya, Zanzibar, kaskazini-mashariki mwa Tanzania, kisha kusini kupitia Malawi na Msumbiji hadi KwaZulu-Natal.

Wenyeji walikuwa na kazi nao. Katika milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, kama ilivyo Mulanje kule Malawi, maji ya majani yake yametumika kutibu maumivu ya sikio; huko huko Tanzania umetumika pia kukandia ugonjwa uitwao mshipa. Ulikuwa dawa ya porini, na sidhani kuna aliyewaza kupamba nao sebule.

Waliouweka kwenye maandishi ya sayansi ni akina Loddiges, wauza miche mashuhuri wa Hackney, London, waliokuwa na nyumba za vioo zilizojaa mimea ya nchi za joto. Mwaka 1829 waliuchapisha kwenye jarida lao, wakaupanga kundi moja na mimea ya Kaladiamu ya Amerika. Mwaka 1856 mtaalamu wa mimea Heinrich Schott wa Vienna aliona haukustahili kuwekwa humo, akauundia jenasi yake. Jina unalobeba leo, Zamioculcas zamiifolia, lilikamilishwa mwaka 1905 na Adolf Engler, mkurugenzi wa Bustani ya Mimea ya Berlin, wakati Tanganyika ikiwa koloni la Wajerumani na kituo chao cha utafiti kikiwa Amani, katika milima ile ile ya Usambara.

Kisha ukasahauliwa. Kwa miongo mingi ulibaki kwenye bustani za wataalamu, na sababu naiona ni ya kibiashara: unakua polepole mno. Kijani kimoja kikichomekwa kwenye mchanga hutoa kwanza kiazi kidogo chini, na chipukizi la juu linaweza kuchukua miezi mingi kutokeza. Mfanyabiashara gani angesubiri? Waliosubiri ni Waholanzi. Kuanzia mwaka 1996 hivi vitalu vyao viliuzalisha kwa wingi, ukaenea maofisini duniani kote. Baadaye Korea Kusini ikatoa aina yenye majani meusi.

Ofisi ziliupenda kwa tabia ulizozipata pwani, kwenye kivuli cha msitu na kiangazi cha miezi. Vile viazi ni akiba ya maji, na zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa majani yake ni maji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba ukibanwa na ukame unaweza kuvuta hewa ya kaboni usiku, matundu ya majani yakifungwa mchana ili maji yasipotee. Kiangazi kikizidi, hupukutisha vijani na kungoja mvua.

Ndiyo maana anayeumwagilia kila siku anauua. Viazi huoza kimyakimya, na majani yanapogeuka manjano mwenyewe hudhani una kiu, akaongeza maji! Mwagilia udongo ukishakauka kabisa, tumia chungu chenye tundu na udongo uliochanganywa na mchanga, uweke penye mwanga usio wa jua kali. Kwenye kivuli kizito utaishi, ila usitarajie ukue.

Kuhusu uvumi kwamba unaleta saratani, hauna ushahidi. ZZ ni ndugu wa magimbi, na una fuwele za oksaleti zile zile zinazowasha koo ukila gimbi bichi. Usitafunwe, watoto na paka wasiuchezee, hayo yanatosha.

Itifaki ya Nagoya, inayowataka wanaonufaika na mimea wagawane faida na nchi ilikotoka, ilianza kutumika mwaka 2014, ZZ ikiwa imeshaondoka zamani. Fedha za mauzo yake hazirudi. Ila misitu ya pwani bado ipo, nayo inapungua. Anayeutaka mmea huu asiende kuung'oa huko. Amwombe jirani shina moja, achomeke vijani vyake, awe na subira.