Makungwi, Uzee na Safari ya Oman

Kiswahili tulichorithi nyumbani kinatutosha kwa chakula, salamu, ugomvi na dua. Upungufu wake tuliuona siku mwenzetu mmoja alipomsindikiza bibi yake kwa daktari mjini Sur. Bibi alizaliwa Unguja na Kiarabu chake ni cha kubahatisha. Daktari aliuliza kwa Kiingereza, bibi akajibu kwamba anaumia "huko chini", na mjukuu akakwama. Aibu ilikuwepo, lakini hata bila aibu hakuwa na maneno.

Maneno yapo, na waliokuwa wakiyashika ni wanawake watu wazima. Unguja na Mombasa, msichana akivunja ungo alikabidhiwa kwa somo au kungwi, amfundishe usafi, hedhi, na baadaye mambo ya unyumba. Ngoma ya unyago iliingia visiwani pamoja na wanawake wa bara, wengi wao wakiwa wameuzwa utumwani. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, ngoma hiyo haikufa. Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliipiga mpaka uzeeni kabisa. Wengi humkumbuka kwa taarab. Sisi tunaona kwamba kwa mwanahistoria unyago wake una uzito zaidi, kwa kuwa unaonyesha nani alikuwa na ruhusa ya kusema wazi juu ya mwili: bibi kizee.

Hata hivyo karibu yote tuliyosoma yanamwangalia mwari. Kungwi mwenyewe, hedhi ikishakoma, nani alimfunda? Sheria ya dini haikumsahau. Mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10 hata akiwa na miaka 80, na aliyeachwa baada ya kukoma hedhi huhesabu miezi 3. Maana yake, kwa sheria, mwanamke mzee bado ni mtu wa kuolewa.

Upande wa Oman kulikuwa na kungoja. Majahazi ya Sur yaliondoka na kaskazi yakarudi na kusi, na pwani hiyo yote mpaka Ashkhara ilizoea waume wasiokuwepo kwa miezi. Wengine walioa tena Unguja, wengine hawakurudi. Mke aliyebaki alizeeka katika ndoa ya jina tu.

Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 safari iligeuka. Wengi walikimbia Unguja, na Sultan Qaboos aliposhika madaraka tarehe 23 Julai 1970 aliwaita Waomani wa nje warudi. Walifikia Maskati, na wengine Ibra, Nizwa na Sur, miji ya mababu ambayo baadhi yao hawakuwahi kuiona. Walikuja na kanga, mbuzi za kukunia nazi na Kiswahili chao. Kwa tulivyosikia majumbani mwetu, kungwi ama hakuja, ama alikuja akanyamaza. Wageni hawa walikuwa tayari wanaambiwa ni Waafrika mno. Ngoma ya unyago ingewazidishia maneno.

Kizazi hicho sasa kimezeeka, kimya. Hedhi ikikoma homoni hupungua, uke huweza kukauka, na tendo la ndoa likawa maumivu. Mume mwenye sukari naye huweza kupungukiwa nguvu. Yote mawili yana matibabu, ila lazima mtu aseme kwanza, na wazee wetu wengi husingizia magoti.

Siku ile ya Sur, aliyeokoa jahazi ni mama mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake nje. Alisikia Kiswahili, akaomba ruhusa, akaingia. Bibi alimnong'oneza, yule mama akamweleza daktari kwa sentensi tatu, bila kutafuna maneno. Bibi akaandikiwa krimu. Garini, bibi alimtajia mjukuu wake maneno yale moja moja, akamfanya ayarudie mpaka akayatamka sawasawa. Mwenzetu ameyaleta chamani, nasi tumeyaandika kwenye daftari la msamiati, baada ya ukurasa wa vyakula.