Connor Bedard: miaka ya ujana katika hoki

Connor Bedard (amezaliwa 17 Julai 2005, North Vancouver, Kanada) ni mchezaji wa hoki ya barafuni, fowadi wa kati. Mwaka 2020 alikuwa wa kwanza kupewa hadhi ya mchezaji wa kipekee katika WHL, ligi ya vijana ya magharibi mwa Kanada. Kwa hadhi hiyo aliruhusiwa kucheza msimu mzima akiwa na miaka 15, umri ambao kwa kawaida mchezaji hupangiwa mechi chache tu. Regina Pats, timu ya ligi hiyo, walimchagua wa kwanza katika uteuzi wa wachezaji wapya.

Msimu wa 2020–21 ulifupishwa na janga la korona; hata hivyo alipata pointi 28 katika mechi 15 (kila bao na kila pasi ya bao huhesabiwa pointi moja). Msimu uliofuata alifunga mabao 51, na 2022–23 akafikisha mabao 71 na pasi 72 katika mechi 57. Silaha yake kuu ni shuti: huuvuta mpira bapa karibu na miguu kabla ya kuuachia, hivyo kipa hupoteza pembe aliyokuwa ameifunga.

Kilele kilikuwa Mashindano ya Dunia ya Vijana ya 2023, ambako Kanada ilitwaa dhahabu. Alipata pointi 23 katika mechi saba, na bao lake la muda wa nyongeza dhidi ya Slovakia, alipowapita walinzi peke yake, linastahili kutazamwa tena na tena. Juni 2023 Chicago Blackhawks, timu ya ligi ya kulipwa ya NHL, walimteua wa kwanza katika uteuzi wa wachezaji wapya.