Kifaransa na Mvua ya Ilomba

Kifaransa kilishuka pwani yetu mapema. Mwaka 1860 Padre Fava na wenzake walitoka kisiwa cha Réunion wakafika Unguja. Mwaka 1863 mapadre wa Roho Mtakatifu waliipokea kazi yao, na mwaka 1868 wakajenga Bagamoyo, wakalea watoto waliokombolewa utumwani. Charles Sacleux, aliyewafuata mwaka 1879, alitoa kamusi ya Kifaransa na Kiswahili mwaka 1891, na ile kubwa ya Kiswahili na Kifaransa mwaka 1939. Nyanda za Juu za Kusini zilikuwa na historia nyingine. Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuwa Wajerumani, na baada yao wakatawala Waingereza.

Basi mtoto wa Ilomba, mjini Mbeya, afundishwapo leo kueleza hali ya hewa kwa Kifaransa, huanza ugenini. Huambiwa kuwa mvua ikinyesha aseme “il pleut”, na kukiwa na baridi, “il fait froid”. Amekwisha kujifunza kuwa “il” maana yake ni “yeye”. Huuliza, na ana haki ya kuuliza: yeye nani? Kwetu mvua ndiyo inyeshayo, jua ndilo liwakalo, upepo ndio uvumao. Kila tendo lina mwenyewe. Nani huyu afanyaye baridi?

Aghalabu mwalimu hujibu kwamba ndivyo Wafaransa wasemavyo, akaendelea na somo. Jibu hilo si la uongo, ila ni la uvivu. Kilatini, mama wa Kifaransa, kilisema “pluit”, neno moja tu, wala hakikumtaja yeyote. Viishio vya vitenzi vilipochakaa katika vinywa vya watu karne kwa karne, Kifaransa kikazoea kuweka “il” mbele ya kitenzi hata pasipo mtenda. Tena mtoto huyo anayo njia ya kulielewa jambo hili katika lugha yake mwenyewe. Alipoamka alisema “kumekucha”. Nani aliyekucha? Hapana mtu. Akatoka nje akasema “kuna baridi”. Hiyo “ku” hutaja mahali, na “il” hutaja kivuli cha mtu; lakini zote mbili hushika nafasi ambayo sarufi haitaki iwe tupu.

Sarufi, basi, yaweza kushindwa. Lililo zito zaidi ni kalenda. Vitabu vilivyotungwa Ufaransa huonyesha Julai watoto wakiogelea, na Desemba theluji juu ya mapaa. Ilomba, penye kimo cha kama mita 1,700, Julai ndio mwezi wa sweta na moshi wa makaa, na Desemba mahindi yamo mvuani. Mtoto akiulizwa Julai kukoje, akajibu kwa macho yake, “il fait froid”, aweza kukosolewa. Akijibu kwa kitabu, husifiwa. Nami naona huyo wa kwanza ndiye aliyejua Kifaransa.

Tena hata Fava asingemkosoa. Réunion iko kusini ya Ikweta kama Mbeya, na huko pia Julai ni majira ya baridi.