Waya mbili za ziada, na betri iliyoruka kutoka Ngomeni

Nimepotea kidogo, kazi za watu zimenibana. Leo siandiki habari za programu. Nataka kuwasimulia habari za betri, na mtaona tunavyofika angani bila kutoka huku kwetu Kilifi.

Ijumaa iliyopita nilikuwa Takaungu, nyumbani. Marehemu ami yangu, aliyefanya kazi Maskati miaka mingi, aliniachia mashua ndogo ya mbao aliyoichonga mwenyewe, yenye mota na usukani wa kuongozwa kwa redio. Rimoti yake ni ya zamani, ile yenye antena ndefu ya kuvuta. Nikaishusha mashua kwenye mkono wa bahari, maji yakianza kupwa. Dakika kumi tu, rimoti ikazima. Mashua ikafuata maji kuelekea nje, mimi nikibonyeza vijiti bure. Mvuvi mmoja akanipigia kelele: "We kijana, chombo chako hicho chenda Uarabuni!" Alikuwa na mtumbwi, Mungu ambariki, akaifuata akanirudishia. Ingepotea, sijui ningewaambia nini watoto wa ami.

Nyumbani nikaifungua rimoti. Pakiti yake ina seli nane za nikeli na kadmiamu, kila moja volti 1.2, jumla 9.6. Ikatoka na waya nne badala ya mbili. Nyekundu na nyeusi zinakwenda kwenye rimoti yenyewe. Mbili nyingine zilikuwa za chaja ya zamani, ambayo ilishapotea, na siku hizi pakiti naitoa na kuichaji kwa plagi ile ile ya rimoti. Kwa hivyo waya mbili zilikuwa zinaning'inia tu, miaka nenda miaka rudi, zina umeme saa zote na hazina kazi.

Sisi tunaoandika programu tunaijua hali hii. Kuna mistari ambayo hakuna anayekumbuka kazi yake, na kila mtu anaogopa kuifuta.

Nikamenya ganda la ile waya hasi ya ziada. Ndani shaba ilikuwa nyeusi tii, inavunjika kama majani makavu. Warushaji wa ndege ndogo wanaujua ugonjwa huu. Ndani ya seli hizi mna maji makali ya potasiamu, makali kushinda magadi yoyote ya jikoni. Seli ikichajiwa kupita kiasi, muhuri wake huvuja kidogo, na yale maji hutambaa juu ya waya upande wa hasi, ndani ya ganda, usipoyaona. Weusi ulikuwa umetoka kwenye waya isiyo na kazi, ukapita kwenye kiungo cha risasi, ukaanza kuila waya ya kazi. Mita ilinionyesha volti 10.1 rimoti ikiwa imezimwa. Nikiiwasha, zinashuka hadi 8. Umeme ulikuwa unapotelea kwenye waya.

Sasa hadithi yenyewe. Betri ya nikeli na kadmiamu ilibuniwa na Waldemar Jungner wa Sweden mwaka 1899. Kwa muda mrefu zilikuwa na maji ya kuongezwa na matundu ya kutolea hewa, hata huwezi kuzilaza ubavu. Mwaka 1947 ndipo Georg Neumann alipofaulu kuifunga seli kabisa, gesi zikamalizana humo humo ndani. Hapo betri ikaweza kuwekwa kichwa chini miguu juu, ndani ya rimoti, au ndani ya setilaiti.

Na setilaiti moja iliondokea mlangoni petu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kuchunguza miale ya eksi kutoka angani. Msimamizi wa mradi huo kule NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, na setilaiti ikaitwa Uhuru, kwa Kiswahili chetu. Mnajua ilikuwa na betri gani? Ya nikeli na kadmiamu, seli nane! Hesabu ile ile ya rimoti ya ami, ila hizo zilikuwa kubwa zaidi, ampea-saa 6, zikichajiwa na mabawa manne ya sola. Ilizunguka karibu na ikweta kila baada ya dakika 96 hivi, ikafanya kazi hadi Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya miale hiyo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Nobeli mwaka 2002.

Ninachokipenda zaidi ni nyaya. San Marco lilikuwa jukwaa la kurushia, na waongozaji walikaa jukwaa la pili, Santa Rita. Kati yao zilipita kebo chini ya maji. Roketi kwa kawaida hushikwa na waya za umeme na habari mpaka dakika ya mwisho, kisha zinachomoka. Zikibaki, roketi haiendi popote.

Haya, turudi mezani. Ukitaka kukata, usikate mbili kwa mkato mmoja: mkasi ni chuma, utapiga shoti na seli zitachemka. Nilikata chanya kwanza, nikaifunga tepu, ndipo nikakata hasi. Nikasafisha kiungo kwa siki, maana asidi huua magadi, nikalehemu waya hasi mpya ya kazi. Mita ikasoma 9.9 rimoti ikiwa imewashwa.

Lakini tafadhali, pakiti za lithiamu ni kitu kingine. Zile waya nyembamba zinazoonekana za ziada ndizo zinazopima kila seli wakati wa kuchaji. Ukizikata unaweza kuichoma nyumba. Na seli za kadmiamu zikifa msizitupe mikokoni, ni sumu. Ulaya walipiga marufuku matumizi yake mengi kwenye betri ndogo, sheria ikaanza kutumika mwaka 2008.

Jumapili asubuhi, maji yakiwa yamejaa, mashua ilikwenda mpaka ng'ambo na kurudi mara tatu. Yule mvuvi alikuwapo. Akaomba kushika rimoti, na kuipata tena ilikuwa kazi.