Moshi Hauishii Mapafuni

Bibi yangu alipika vitumbua vya kuuza pale Muheza kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliamka saa tisa usiku na kuwasha kuni kwenye mafiga. Ikifika adhana ya alfajiri, jiko lile lenye kidirisha kimoja lilikuwa limejaa moshi kiasi kwamba humwoni, unamsikia tu akikohoa. Vitumbua hivyo vilimsomesha mama yangu, na mama akanisomesha mimi. Bibi hakuwahi kuvuta sigara. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Msibani kila mtu alikuwa na sababu yake: presha, mawazo, chumvi, uzee. Jiko halikutajwa.

Mimi nami sikulitaja, hadi niliposoma habari za London ya mwaka 1952.

Ijumaa ya tarehe 5 Desemba mwaka huo, London ilikuwa na baridi kali, na kila nyumba iliongeza makaa ya mawe motoni. Upepo ulikuwa umetulia. Hewa yenye joto ilitanda juu ya hewa ya baridi kama kifuniko juu ya sufuria, na moshi wa nyumba, viwanda na mitambo ya umeme ukakosa pa kutokea. Ilikuwa hivyo kwa siku tano. Makondakta walitembea mbele ya mabasi wakimulika njia. Ng'ombe walioletwa kwenye maonyesho ya Smithfield walianza kufa. Katika ukumbi wa Sadler's Wells, opera ya La Traviata ilikatizwa kwa sababu moshi uliingia hadi ndani.

Tarehe 9 upepo ulirudi, na jiji likaendelea na shughuli zake. Ukubwa wa maafa ulijulikana baadaye, majeneza yalipoadimika na hesabu za vifo zilipojumlishwa. Serikali ilitaja watu 4,000. Lakini vifo vya ziada viliendelea kwa majuma mengi, na serikali ikasema hivyo ni vya homa ya mafua. Mwaka 2001, watafiti Michelle Bell na Devra Davis walizipitia upya takwimu hizo, wakaonyesha kwamba jumla huenda ilifika 12,000. Wengi waliuawa na maradhi ya mapafu, lakini vifo vya moyo navyo viliongezeka.

Nilisimama kwenye maneno hayo: homa ya mafua. Serikali ile, kama sisi msibani, ilishika jina lililokuwa karibu.

Si kwamba moshi wa London ulikuwa siri. Mwaka 1661, John Evelyn alimwandikia Mfalme Charles II kitabu kizima, Fumifugium, akilalamikia moshi wa makaa. Karibu miaka mia tatu ikapita. Sheria ya Hewa Safi ilipitishwa mwaka 1956, na ililazimu watu wafe kwanza.

Bado watu wangeweza kudhani kwamba hatari ni ya siku chache za moshi mzito tu. Dhana hiyo ilitikiswa Desemba 1993, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipochapisha utafiti wa miji sita ya Marekani. Walikuwa wamewafuatilia watu wazima zaidi ya 8,000 kwa miaka 14 hadi 16. Baada ya kuzingatia uvutaji wa sigara na mambo mengine, waliona kwamba uwezekano wa kufa Steubenville, mji uliochafuka kuliko yote sita, ulizidi ule wa Portage, mji safi, kwa asilimia 26. Miongoni mwa maradhi yaliyohusishwa na tofauti hiyo yalikuwa ya moyo na mapafu.

Tunazoea kuwaza moshi na kifua. Lakini chembe zilizo hatari zaidi ni ndogo sana: unywele mmoja una unene wa karibu mara thelathini ya chembe hizo. Zinafika mwisho kabisa wa mapafu, ambako hewa hukutana na damu. Mwili unazipokea kama adui. Uvimbe unaanza, mishipa inakakamaa, damu inaganda kwa urahisi zaidi, na mafuta yanajijenga kwenye kuta za mishipa. Moyo, ambao haukuugusa moshi wenyewe, ndio unaolipa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na karibu theluthi moja yao walikufa kwa maradhi ya moyo yanayotokana na kuziba kwa mishipa.

Siwezi kuapa kwamba moshi ndio uliomuua Bibi. Takwimu huzungumzia maelfu. Mtu mmoja haziwezi kumthibitisha. Nasema tu kwamba katika orodha yetu ya msibani, jiko lilistahili nafasi.

Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mimi nilimnunulia mama mtungi wa gesi. Anauchemshia chai. Maharage anayapika kwa mkaa, ndani.

"Gesi itaisha kabla hayajaiva, mwanangu," aliniambia. "Na Bibi yako alipikia humu humu."

"Ndiyo, mama. Na Bibi alikufa kwa moyo."

Alinyamaza. Nikamsimulia habari za London, makondakta na ng'ombe. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Ile sheria waliitunga baada ya muda gani?"

"Miaka minne."

Akatikisa kichwa. Jioni ile tulilibeba jiko la mkaa pamoja, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, tukaliweka uani chini ya mwembe. Mvua ikinyesha hulirudisha ndani, najua. Fundi wa kupanua dirisha anakuja Jumamosi.